Mwihwa wa Kuazima

Mashini ilikuwa ya kijivu. Ilifika Butembo kutoka Dubai ndani ya kontena la masufuria, na tajiri aliyeileta hakujua aifanyie nini, akamwazima mwalimu mzee wa kanisa letu. Mwalimu akanitafuta mimi. Nilikuwa nimesomea ukarani, najua kupiga taipu kwa vidole vyote, na tena, alisema mbele ya watu tukitoka ibadani, "huyu binti iko na mudomo mukali, bazee habataweza kumudanganya." Watu wakacheka. Nilikasirika siku mbili nzima, siku ya tatu nikaenda kazini.

Kazi yenyewe ilikuwa kukusanya maneno ya undugu ya Kinande na kuyaingiza katika ile kompyuta. Si majina ya watu. Majina ya watu kwetu hayasaidii sana: mtoto anapewa jina kwa zamu yake ya kuzaliwa, wa kwanza lake, wa pili lake, kwa hiyo ukiita jina moja sokoni wanageuka watu thelathini. Kinachoonyesha mtu ni nani ni vile anavyoitwa na watu wa kwao: dada ya baba anaitwaje, mama ya mke wako anaitwaje, na kila mmoja ana kazi gani kwako siku ya ndoa, siku ya kuzaa na siku ya kufa. Hayo ndiyo tulitaka.

Ilikuwa vita ya pili ya Kongo. Leo tulikuwa chini ya askari hawa, kesho tunaamka tunasikia wengine, na kila kundi lilikuja na Kilingala chake na kofia zake. Mwalimu hakuogopa bunduki kama alivyoogopa kitu kimoja. Alikuwa akisema, "Batu banakimbia ovyo. Mutoto akikulia Kampala, mujomba na baba mudogo bote kwake batakuwa oncle, shangazi na mama mudogo bote tantine. Donc, basi tumekwisha."

Kwa kila neno tulijaza fishi moja, karatasi ngumu ya ukubwa wa kiganja. Tuliandika neno, nani anamwita nani, kazi ya mtu huyo, na mwishoni nani ametuambia, anakaa wapi, mama yake ni wa ukoo gani. Mwalimu ndiye aliyetaka hilo la mama, sijui kwa nini, na nililiona ni usumbufu. Kisha nilipeleka fishi kwenye mashini, katika chumba nyuma ya karakana ya seremala katika mtaa wa Vulamba, kwa sababu seremala ndiye aliyekuwa na jenereta. Akiranda mbao, nami napiga. Akipumzika kunywa chai, mashini inazimika na mimi natukana kimoyomoyo.

Wazee walinitesa. Bibi mmoja wa Vulamba nilimwuliza mama mkwe anaitwaje, akaniangalia toka kichwani hadi miguuni. "Miaka yako ngapi?" Nikamwambia ishirini na sita. "Na hauna bwana? Basi olewa kwanza, utajua mama mukwe anaitwaka namna gani. Kutoka hapo utamuita kila jina." Nilirudi kazini masikio yakiniwaka. Lakini nilirudi kwake tena, na mara ya tatu alinipa maneno kumi na mawili na boga moja.

Aliyenipa maneno mengi kuliko wote alikuwa bibi mwenye jicho moja, mkimbizi wa mapema kutoka upande wa Eringeti, kaskazini ya Beni, wa ukoo uleule wa baba yangu. Alikuwa akiongea asubuhi mpaka saa sita bila kumeza mate. Mimi niliandika kwenye fishi mbele na nyuma, na nilipofika kwenye mashini nilikata, maana kile kisanduku cha "kazi yake" kilikubali mstari mmoja tu, ukizidisha kinapiga kelele na kukataa. Sikusumbuka. Niliona fishi zipo, siku moja tutapata mashini yenye nafasi. Halafu mwalimu akaogopa askari wasije wakawashia moto karatasi zetu, akazifungia zote ndani ya sanduku la chuma na kulipeleka kulificha shambani kwake, mbali. Tukabaki na mashini peke yake.

Baba yangu alikufa mwaka ule. Alikuwa dereva wa lori la maharage, Kirumba kwenda Butembo, Butembo kwenda Beni. Alipita vizuizi vya kila aina ya askari miaka mingi, halafu homa ya siku nne ikamchukua juu ya kitanda chake mwenyewe. Nilikasirikia hata kitanda. Nilikiuza.

Tulimzika, kwaya ikaimba, mchungaji akasema safari imekwisha. Lakini katika ukoo wa baba kilio hakiishi hivyo. Kinaisha mwihwa akifika. Mwihwa ni mtoto wa dada yako. Yeye ndiye anazima moto wa kilio unaokaa uani, ananyoa shungi la kwanza la mjane, anamshikisha jembe mkononi. Mpaka siku hiyo mjane anakaa chini kwenye mkeka. Hanyoi, halimi, haendi sokoni, na wageni wanamsalimu kwa mbali. Mama yangu alikuwa mwimbaji wa kwaya ya wanawake, Mprotestanti wa kufunga na kuomba, na bado alikaa kwenye mkeka. Nilipomwambia mchungaji amesema imetosha, alinijibu, "Mchungaji alioa dada ya baba yako? Basi nyamaza."

Baba alikuwa na dada mmoja, na huyo shangazi yetu alikuwa na mtoto mmoja wa kiume, mtu mzima wa miaka thelathini na kitu, mkulima. Wote wawili walikuwa Eringeti. Tulituma habari ya msiba, wakajibu wanakuja, wanavuna kwanza. Kabla hawajavuna, vita ikawafikia.

Watu walishuka kwa miguu, godoro kichwani, mbuzi kwa kamba, wakajaa Beni, wengine wakafika mpaka kwetu. Nilisimama barabarani siku nyingi nikiuliza. "Shangazi yako? Tulimuona Beni. Aa, hapana, yule ni mwingine." "Mutoto yake? Banamuchukua abebe mizigo ya basoda na bunduki zabo." "Mutoto yake alikimbia pori, mama yake nyuma." "Mama yake? Si alikufaka zamani?" Kila mtu alikuwa na habari, na kila habari iliiua ile nyingine. Kila Jumanne nilienda parokiani kwa jirani zetu Wakatoliki, ambako kulikuwa na foni, ile redio ya kuitana mji kwa mji, nikaomba Beni watafute. Beni walijibu hakuna.

Mwaka ukapita, tukaanza mwingine. Mama akawa mtu wa mkeka. Alikuwa mwanamke wa kuamka kabla ya jogoo, wa kulima mlima mzima na kurudi akiimba, na sasa magoti yake yalivimba kwa kukaa. Nywele zake zilikua zikasokotana, akazifunika. Shamba letu upande wa kilima liliota majani mpaka viazi havikuonekana tena, na majirani walianza kuchungia mbuzi wao humo. Nilitaka kwenda kulima mimi. Akakataa. Jembe la kwanza ni la mjane, mtu mwingine akimtangulia kulima ni kama amemfukuza marehemu.

Siku moja nilimletea uji, hakuugusa. Akasema bila kulia, "Nitafia hapa kwa mukeka. Batasema nilikuwa bibi muzuri kwa bwana yangu. Mimi sitake kuwa bibi muzuri, nataka kulima tu." Nilitoka nje nikapiga teke ndoo. Ndoo ilikuwa na maji, nikarudi kuchota mengine. Nguvu zangu zote ziliishia hapo.

Wiki ileile nilikuwa kazini, seremala anaranda, mimi natafuta makosa ya tahajia. Nikaandika neno mwihwa ili nione lilivyokaa. Mashini ikanitolea mistari yangu mwenyewe, mmoja juu ya mwingine: anazima moto, ananyoa mjane, anatoa jembe. Na chini kabisa, kutoka kwa bibi wa jicho moja: *Mwingine wa ukoo anaweza kuondoa kilio.*

Nilipiga kelele mpaka seremala akaacha randa. "Kuna nini? Imekufa?" Nikamwambia haijakufa, imefufua mtu.

Nilitafuta saa hiyohiyo. Niliiambia mashini inipe watu wote waliotupa maneno ambao mama zao ni wa ukoo wa baba yangu. Kumbe usumbufu wa mwalimu ulikuwa na maana! Ilinipa watatu. Wawili wa kwanza nilijua wamekimbilia Uganda. Wa tatu alikuwa Beni, muuza nguo za mitumba, Mkatoliki, mwanaume mnene aliyewahi kutupa maneno yote ya mahari huku akila karanga zetu. Mama yake alizaliwa katika ukoo wetu, basi kwa namna fulani yeye pia ni mtoto wa dada.

Mwalimu hakuwepo, alikuwa Kirumba kwa binti yake aliyejifungua. Bibi wa jicho moja naye alikuwa amekwisha kuvuka mpaka. Wazee wa ukoo wa baba walikuwa kaskazini, katika vita, au udongoni. Sikuwa na wa kumwuliza. Hapana, nisidanganye. Ningeweza kungoja mwalimu arudi. Sikutaka kungoja, nilimtaka mama yangu asimame.

Nilimweleza mama. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali moja tu.

"Na yule wetu? Wa Eringeti?"

"Mama, hatujui aliko."

"Akirudi?"

"Akirudi atakukuta umesimama, atafurahi. Iko kwa mashini: mwingine anaweza. Niliandika mimi mwenyewe, kutoka kwa bibi ya ukoo yenu."

"Ni ukoo ya baba yako, si yangu. Mimi mutu ya Kirumba najua nini?" Akasugua magoti. "Lakini wewe ulisoma."

Neno hilo lilinipendeza sana siku ile. Leo nikilikumbuka naona haya.

Tulimwita mnene wa Beni kwa foni, akakubali mara moja, akauliza kama kutakuwa na kuku. Alifika juu ya lori la chumvi, mweupe wa vumbi, anacheka. Alikuwa na koti la mitumba lenye vifungo vya dhahabu, akaingia uani akisema, "Bibi ya mujomba yangu iko wapi? Ambieni mwihwa wake amefika, anyanyuke, amekaa ya kutosha!" Wanawake wakapiga vigelegele. Hata mama alitabasamu, mara ya kwanza tangu mazishi.

Akazima moto kwa maji ya mtungi. Akamnyoa mama shungi la kwanza, wanawake wakamalizia. Akamshikisha jembe, wakaenda pamoja mpaka kwenye bustani ya kunde nyuma ya nyumba, mama akapiga jembe mara moja, mara mbili, na mara ya tatu hakusimama. Alilima mstari mzima akiwa na nguo za sherehe. Walimwambia acha, mama, leo ni kuonyesha tu. Hakusikia. Mimi nilikaa chini nikalia kwa furaha, sikujali nani ananiangalia.

Ilikuwa miezi miwili mizuri. Mama aliondoa majani yote kwenye kilima. Aliwafukuza mbuzi wa majirani kwa mawe na matusi. Alirudi kwaya, alirudi sokoni, alianza tena kuniuliza lini nitaolewa, na kwa mara ya kwanza swali hilo halikuniudhi.

Mwalimu aliporudi kutoka Kirumba, barabara ilikuwa imetulia kidogo, akaamua kurudisha lile sanduku la chuma. Fishi zilikuwa zimepata unyevu, nyingine zimeshikana. Akaniambia nizichambue, nizianike juani moja moja, nilinganishe na mashini. Nilizipanga uani kwa seremala juu ya mbao. Nilikuwa naimba.

Fishi ya bibi wa jicho moja ilikuwa imeandikwa mbele na nyuma, mwandiko wangu, wino wangu wa bluu. Mbele: *Mwingine wa ukoo anaweza kuondoa kilio.* Nikaigeuza ili upande wa pili ukauke. Nyuma: *kama mwihwa wa kweli amekufa. Wakimwita mwingine, wamesema yule amekufa. Hata akirudi, wamekwisha kumzika, mlango wa mjomba wake umefungwa.*

Niliisoma mara nyingi. Nilikumbuka hata sauti ya bibi akiyasema hayo, na mimi nikisema ndiyo ndiyo, endelea, na mkono ukiuma kwa kuandika. Nilikumbuka mashini ilivyopiga kelele ya kukataa, nami nikifuta maneno kutoka mwisho, moja moja, mpaka ikakubali.

Nilimpelekea mwalimu ile fishi. Alivaa miwani, akasoma, akavua miwani. Alikuwa amekwisha kusikia habari ya mnene wa Beni, mji mzima ulisikia.

"Kuna dawa?" nikamwuliza.

"Bibi alisema kuna dawa?"

"Hapana."

"Ulimuuliza?"

"Sikuuliza."

Alinirudishia fishi. "Basi hatujui," akasema. Mtu aliyekuwa na jibu kwa kila kitu, hata kwa mambo ambayo hakuulizwa! Nilitaka anigombeze. Hakunigombeza, alienda kuangalia fishi nyingine kama zimekauka.

Sikumwambia mama. Ningemwambiaje, naye anarudi kutoka shambani matope mpaka magotini, ananiambia mwaka huu tutapata viazi vya kujaza chumba? Nikaanza kuomba. Niliomba asubuhi na jioni, na siku moja katikati ya sala nilijisikia ninachoomba. Nilikuwa naomba kwamba yule ndugu yangu awe amekufa kweli. Yule aliyenifundisha kupanda baiskeli kwao Eringeti, aliyenibeba mgongoni nilipokanyaga mwiba. Niliomba Mungu awe amemchukua zamani, ili kosa langu lisiwe kosa. Niliacha kuomba, niliogopa mdomo wangu mwenyewe.

Jumanne iliyofuata, mtu wa foni alikuja kwetu akikimbia, akatukuta wote wawili mlangoni. Beni wamepiga. Shangazi yupo. Mtoto wake yupo. Walikuwa wamejificha porini, kisha wakapita upande wa Ituri, wakakaa kambini huko, wagonjwa, bila njia ya kutuma neno. Sasa wako Beni, wanangoja lori, Alhamisi watafika. Na shangazi ameagiza tuambiwe jambo moja: moto usizimwe, mwihwa anakuja.

Mama aliruka. "Iko muzima! Mutoto iko muzima! Mungu wangu, iko muzima!" Alimkumbatia mtu wa foni, alinikumbatia mimi, akaanza kupiga hesabu ya kuku gani wachinjwe. Halafu akaniangalia usoni. Mama yangu hakusoma shule, lakini uso wangu alikuwa anausoma kuliko mtu yeyote.

"Sema."

Nikasema. Nilimsomea fishi mbele, nikageuza, nikamsomea nyuma.

Alikaa palepale kwenye kizingiti. Alishika kichwa chake, nywele zilikuwa fupi bado, kidole kimoja. "Donc," akasema, "nilizika mutoto ya batu sababu ya viazi."

"Si wewe, mama. Ni mimi."

"Mukono yangu ndiyo ilishika jembe."

Siku mbili hizo tulihangaika kama kuku waliokatwa vichwa. Mama akasema tuwashe moto tena. Tukawasha. Akavaa nguo za kilio, akatandika mkeka. Halafu akavua kitambaa, akajipapasa kichwa, akauzima moto mwenyewe. "Nitamudanganya mulamu yangu?" Mulamu, ndivyo walivyoitana yeye na shangazi tangu alipoolewa. Nilimwendea mchungaji, akasema Mungu haangalii mambo ya moto na nywele. Ni kweli, lakini anayekuja Alhamisi alikuwa shangazi. Nilimwendea mwalimu, akanipa kiti, akarudi kwenye fishi zake. Nilienda hata kwenye mashini, na hili ni la upumbavu kabisa, nikaandika mwihwa, nikaandika kufa, nikaandika kurudi, nikaangalia kioo. Hakukuwa na kitu ambacho sikuwa nimekiweka humo kwa mikono yangu.

Walifika Alhamisi mchana. Shangazi alikuwa amekwisha, mifupa na kitenge. Mtoto wake alikuwa amekonda pia, anachechemea mguu mmoja, lakini meno yaleyale ya kucheka nje. Alibeba begi la plastiki lililofungwa kwa kamba. Aliponiona alipaza sauti kutoka barabarani, "Dada! Munaniona? Nilichelewa, mais nimefika!" Akaingiza mkono mfukoni, akatoa wembe mpya ndani ya karatasi yake, akaunyanyua juu. Alikuwa ameununua Beni kwa ajili ya mama.

Shangazi aliingia uani kwanza. Aliangalia mahali pa moto, pamefagiwa. Aliangalia kilima chetu, kimelimwa chote. Kisha akamwangalia mama, aliyekuwa amesimama katikati ya uwanja bila kitambaa kichwani, makusudi, mikono imeshuka.

"Mulamu," mama akasema.

Shangazi hakuitikia. Aliuliza, "Nani alizima moto?"

"Mutu ya Beni," nikasema mimi. "Ni mimi nilimuita. Mama hakujua, shangazi. Ni mimi. Nilisoma vibaya."

"Mutu ya Beni," shangazi akarudia. Akamgeukia mtoto wake, ambaye alikuwa bado ameshika wembe, anatuangalia mmoja mmoja, hajaelewa. Alimtazama muda mrefu. Alimgusa uso, masikio, mabega, kama mtu anayekagua nguo kabla ya kuikunja.

Halafu alifungua kitambaa chake, akakitupa, akakaa chini udongoni na kuanza kulia. Si kulia kwa machozi tu. Alianza kile kilio chenyewe, cha kuita, ambacho mama anamlilia mtoto aliyekufa, kwa sauti iliyovuka uwanja na kupanda barabarani. Alimwita mtoto wake toka tumboni, toka titini, toka hatua ya kwanza. Alihesabu mito waliyovuka pamoja, na siku alizombeba akiwa na homa huko porini, na mtoto mwenyewe amesimama hapohapo karibu naye, kivuli chake kinamwangukia mama yake mapajani.

"Mama," alikuwa akisema. "Mama, niko hapa. Mama, simama."

Kwetu ukisikia kilio hicho unaacha sufuria motoni na kuja. Wakaja. Jirani wa juu akaja na mikono ya unga. Seremala akaja na wanawe. Wanawake walikaa chini kumzunguka shangazi, mmoja akaanza kuitikia kabla hajajua analilia nani. Wakaniuliza kwa macho, nani amekufa, nami nikaangalia pembeni. Mama yangu alishuka akapiga magoti yale yaliyovimba, akamsogelea mulamu wake, na shangazi hakumfukuza. Alimwegemea. Wakalia pamoja, kichwa kilichonyolewa juu ya bega.

Wanaume walikuwa wamekwisha kuvuta mabenchi upande wao, chini ya ukuta, kama inavyotakiwa, na mmoja alikuwa anapanga kuni. Ndugu yangu aliwaangalia wanaume, akawaangalia wanawake. Alirudisha wembe ndani ya karatasi yake, akaukunja vizuri, akauweka mfukoni. Kisha akanisogelea na begi lake mkononi, akaniuliza polepole, kama mgeni aliyefika katika nyumba ya watu:

"Dada, na mimi nikae wapi?"